Baiskeli Yangu ya Matairi Manene

Nataka kuwaeleza habari za baiskeli yangu, kwa maana wengi huku Muheza wameiona na kuisifu, nami sifa hizo zanichoma.

Naliinunua Tanga kwa shilingi 70,000, mahali wauzapo vitu vilivyotumika vitokavyo ng'ambo kwa meli. Haikuwa ya namna tuliyoizoea, yenye magurudumu makubwa membamba na vyuma vya breki vipandavyo mpaka usukanini. Usukani wake ulikuwa mpana kama pembe za ng'ombe, na matairi yake manene. Asili ya baiskeli hizi ni Marekani. Mwaka 1933 kampuni ya Schwinn ya Chicago ilitoa baiskeli yenye matairi ya unene wa inchi 2.125, nayo ikawapendeza sana vijana wa huko. Nyingine zilitiwa sanduku la bati katikati ya fremu, lifanane na tangi la pikipiki, ingawa ndani hamkuwa na petroli.

Breki ya mkono haikuwa nayo hata moja. Ukitaka kusimama, wakanyaga pedeli kurudi nyuma. Mnyororo huvutwa, na ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma breki hutanuka na kushika. Naliona ni jambo la ajabu na zuri, kwa kuwa mikono yakaa bure.

Kwa kuitengeneza nalikuwa na shilingi 60,000, fedha za machungwa yangu, wala sikuwa na nyingine. Bomba la kiti lilikuwa limeshikwa na kutu. Nalilitilia mafuta ya taa siku tatu, asubuhi na jioni, hata likakubali kuzunguka. Usukani naliusugua kwa maji na karatasi ile ing'aayo kama fedha wanayofungia vyakula hotelini. Kazi hiyo haina gharama, na kutu hutoka pasipo kukwaruza chuma.

Tairi la nyuma lilikuwa limepasuka, na hapa naliponea chupuchupu kupoteza fedha. Muuza duka alinipa tairi lililoandikwa 26 kwa 1⅜, akasema 26 ni 26. Sivyo. Tairi lenye hesabu ya nukta, kama 26 kwa 2.125, si la rimu moja na lile lenye hesabu ya sehemu, hata kama namba ya kwanza ni ile ile. Lile la nukta hupatikana kwa urahisi, maana ndilo la baiskeli za gia za kupandia milima. Tairi na mpira wa ndani vilinigharimu 16,000.

Kisha tamaa ikaniingia. Nalitaka tangi kama lile la Wamarekani. Nalikata debe la mafuta, fundi bati akalikunja, likawa sanduku la kutilia chaki na vitabu: 6,000. Kiti kipya cha ngozi, 5,000. Keria ya nyuma ya kuungwa kwa moto, 10,000. Misasa na rangi, nyekundu na nyeupe, 21,000. Nikapaka fremu, nikapaka na rimu. Zikabaki shilingi 2,000.

Mnyororo mpya ulikuwa 9,000. Ule wa zamani naliuosha kwa mafuta ya taa, ukang'aa, nikasema watosha. Ulikuwa umelegea; nikavuta gurudumu nyuma mpaka mwisho wa nafasi yake, nao bado ukaning'inia. Nalijua kwamba si vema. Sitasema kwamba sikujua.

Watoto wa shule walishangilia, na kwa majuma mawili nalipita njia nisizokuwa na haja ya kupita. Hata Jumapili moja, baada ya ibada, nalimpakia mpwa wangu wa miaka minane kwenye keria. Tukashika mteremko wa kuendea daraja. Katikati ya mteremko nikakanyaga nyuma, na miguu yangu ikazunguka bure. Mnyororo ulikuwa umetoka, na mnyororo ukitoka, breki ya namna ile haipo tena. Nikaielekeza baiskeli kwenye ukingo wa udongo ili tusifike darajani. Mimi nalichubuka magoti. Mtoto alivunjika mkono.

Dada yangu hakunigombeza. Jioni aliketi karibu na mtoto, akaitazama ile baiskeli iliyoegemea ukuta, akaniuliza, “Kaka, huo mnyororo ni bei gani?” Nikamwambia. Hakusema neno jingine.

Mzee mmoja fundi baiskeli aliikagua. “Mwalimu,” alisema, “umemvika mgonjwa kanzu ya arusi.” Akanifundisha kupima: pingili 24 za mnyororo mpya ni inchi 12 kamili; zikizidi inchi 12 na sehemu moja ya nane, umekwisha. Wangu ulizidi robo inchi. Meno ya nyuma nayo yalikuwa yamelika, yakapinda kama kulabu. Tulibadili vyote viwili. Kisha akatafuta uma wa mbele wa baiskeli ya gia iliyovunjika, wenye masikio ya kushikia breki, akapima shingo yake na ya ile yangu, zikalingana. Breki ya mkono ikafungwa mbele. Ilibidi tukwangue rangi yangu yote pembeni mwa rimu, kwa kuwa raba za breki hazishiki juu ya rangi. Fedha nalikopa, nami nazilipa mpaka sasa.

Mpwa wangu amepona, ila mkono haunyoki sawasawa. Jumapili tukifika juu ya mteremko, hushuka mwenyewe pasipo kuambiwa, hushika keria kwa nyuma, nami huikokota baiskeli mpaka darajani.