Kuchagua Mpimaji wa Maneno: Tajriba ya Mwanafunzi wa Garissa

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii huandikwa katika insha za shule za upili kila mwaka, na mara nyingi aiandikaye hajauona ukuta wowote ukianguka. Mwanafunzi mmoja wa Kiswahili mjini Garissa aliuona mapema. Mnamo Januari 2020, baada ya walimu kuuawa katika shambulio la Kamuthe, walimu wengi wasio wenyeji waliondoka katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera. Yeye alikuwa kidato cha pili, na mwalimu wake wa Kiswahili alikuwa miongoni mwa walioondoka. Mwezi Machi janga la korona likafunga shule zote nchini. Aliendelea kuandika insha nyumbani, lakini daftari halikupitiwa na kalamu nyekundu. Makosa madogo yakauzoea mkono wake, na alipopata mwalimu mwingine ilimbidi aanze kuujenga upya ukuta uliokuwa umebomoka kimyakimya.

Alipofika chuo kikuu alijiunga na wenzake wanne, kila mmoja katika mji wake, kutengeneza kikagua tahajia cha Kiswahili. Kazi ya aina hiyo haikuwa ngeni katika Afrika Mashariki. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyozungumza Kiswahili. Programu hiyo ilikuwa huria, yaani yeyote aliweza kuitumia, kuichunguza ndani na kuirekebisha bila kuomba ruhusa. Wanafunzi hao watano walishika njia iyo hiyo. Walijenga juu ya Hunspell, programu huria iliyoundwa kwanza kwa ajili ya Kihungaria, lugha ambayo, kama Kiswahili, hurundika viambishi juu ya mzizi mmoja. Hunspell huhitaji faili mbili: moja ya orodha ya mashina ya maneno, na nyingine ya kanuni za viambishi. Kanuni moja ikiandikwa vyema huzalisha maelfu ya maneno sahihi. Ikiandikwa vibaya huzalisha maelfu ya makosa.

Ufa wa kwanza ulitokea katika ukanushi. Mmoja wao aliandika kanuni kwamba katika wakati uliopo, kitenzi kinapokanushwa, irabu ya mwisho huwa i. Akajaribu maneno yake: hapiki, hasomi, hachezi. Yote yakapita, naye akaituma kanuni hiyo katika mradi kwa moyo mkunjufu. Hakukumbuka kwamba vitenzi vyenye asili ya Kiarabu havibadiliki. Tangu siku hiyo kikagua tahajia kikakubali “hajibi” na “hasamehi”, na kukataa “hajibu” na “hasamehe”. Zilipita wiki tatu kabla ya yeyote kugundua. Katika muda huo kanuni nyingine nne zilikuwa zimekwisha kujengwa juu ya ile mbovu, na kuing'oa kukawa sawa na kutoa jiwe la chini katika ukuta.

Hapo ndipo ilipojitokeza haja ya kile ambacho wataalamu wa tarakilishi hukifanya kila siku, na ambacho wanafunzi hao walikiita uunganishaji wa mfululizo. Wazo lenyewe ni jepesi. Mfugaji wa Garissa huwakagua mbuzi wake kila jioni waingiapo zizini. Hangoji msimu uishe ndipo aulize nani amepotea. Vivyo hivyo, kila mshiriki anapotuma badiliko, hata la herufi moja, mfumo huanzisha tarakilishi safi isiyo na mazoea ya mtu yeyote, huuchukua mradi mzima pamoja na badiliko hilo, kisha huupima. Kipimo cha kikagua tahajia kilikuwa orodha mbili. Ya kwanza ilikuwa na maneno ambayo ni lazima yakubaliwe, na ya pili makosa ambayo ni lazima yakataliwe. “Hajibu” likaingia katika orodha ya kwanza, “hajibi” katika ya pili. Vipimo vyote vikipita, mfumo hutoa alama ya kijani. Kimoja kikishindwa, hutoa nyekundu, na badiliko husubiri lirekebishwe.

Binti wa Garissa aliielewa maana ya rangi hiyo kuliko wenzake wote. Ilikuwa kalamu nyekundu iliyotoweka mwaka 2020, nayo sasa ilikuwa imerudi. Kwa hiyo wenzake walipomkabidhi kazi ya kuchagua mfumo, hakuitazama kama kazi ya ufundi tu. Aliuliza swali ambalo wao hawakuwa wameliuliza: je, mpimaji huyu akiondoka, nani atabaki?

Njia ya kwanza ilikuwa kuwa na mpimaji wao wenyewe. Ipo programu huria iitwayo Jenkins, iliyopata jina hilo mwaka 2011 baada ya waundaji wa Hudson kutofautiana na kampuni ya Oracle kuhusu umiliki wa jina la zamani. Mtu huweza kuiweka katika tarakilishi yake, na hakuna wa kumfukuza. Mmoja wa wenzake aliipigania sana njia hii, akisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Lakini tarakilishi hiyo ingekaa wapi? Ingehitaji kuwaka usiku na mchana katika mji ambao joto lake mara nyingi hupita nyuzi 35. Kaunti ya Garissa ina mtambo wa umeme wa jua wa megawati 50 uliozinduliwa mwaka 2019, lakini umeme wake huingia katika gridi ya taifa, na gridi inapolala Garissa nayo hulala. Aidha, Jenkins huhitaji mtu wa kuihudumia na kuziba mianya ya usalama kila inapotokea. Kati ya wanafunzi watano hakukuwa na aliyekuwa na nafasi hiyo wakati wa mitihani.

Njia ya pili ilikuwa kutumia huduma ya mtandaoni inayoipimia miradi huria bila malipo. Hii ilikuwa rahisi, na ndiyo wengi wao waliyoitaka. Yeye akawakumbusha kisa cha Travis CI. Huduma hiyo ilianzishwa mjini Berlin mwaka 2011, na kwa miaka mingi miradi huria duniani kote iliitegemea bila kulipa hata senti. Mwaka 2019 ilinunuliwa na kampuni nyingine. Mnamo Novemba 2020 upimaji wa bure uliwekewa mipaka mikali, na Juni 2021 tovuti iliyohudumia miradi huria ikafungwa. Miradi iliyokuwa imeandika vipimo vyake vyote kwa lugha ya Travis ililazimika kuviandika upya. Hakukuwa na hila katika jambo hilo, kwani mwenye nyumba ana haki ya kuifunga. Waliokosea ni wageni waliosahau kwamba walikuwa wageni.

Ubishi ukaendelea kwa siku kadhaa. Wa Jenkins walisisitiza uhuru, wa mtandaoni wakasisitiza wepesi, na kila upande ulikuwa na haki yake. Suluhisho halikutoka katika kitabu cha tarakilishi bali katika kumbukumbu ya ayeeyo, yaani nyanya yake, aliyezaliwa na kuolewa katika maisha ya kuhamahama. Nyumba ya Wasomali wafugaji, aqal, hujengwa na wanawake kwa fito zilizopindwa, mikeka na kamba. Malisho yakikauka huvunjwa, ikapakiwa juu ya ngamia na kusimamishwa upya mahali pengine. Mwenye aqal hamiliki ardhi anayolala juu yake, wala hadai kuimiliki. Anachomiliki ni fito, mikeka, na ujuzi wa kuvifunga pamoja.

Basi akapendekeza kwamba vipimo vyenyewe, yaani orodha zile mbili na maagizo ya kuzikagua, viandikwe katika faili moja fupi ndani ya mradi. Faili hiyo ingefanya kazi katika tarakilishi yoyote, hata ile isiyo na mtandao. Kisha wachague huduma ya mtandaoni, wakaichagua GitHub Actions, kwa kuwa mradi wao tayari ulihifadhiwa GitHub na miradi ya wazi haikutozwa. Lakini huduma hiyo wasiiambie lolote ila jambo moja: iendeshe faili ile. Siku ikifunga mlango wake, watahama na fito zao, na kazi ya kuhama itakuwa ya jioni moja. Wa Jenkins waliridhika kwa kuwa vipimo vilibaki mikononi mwao, na wa mtandaoni waliridhika kwa kuwa hawakupewa tarakilishi ya kulea. Kwake yeye ilikuwapo faida nyingine: mtandao ulipokatika Garissa, aliweza kupima kazi yake papo hapo, na kuituma uliporudi akiwa na uhakika.

Hali kadhalika waliwekeana sharti kwamba kila kosa linalogunduliwa liongezwe katika orodha kabla halijarekebishwa, ili lisirudi kwa mlango wa nyuma. Orodha ikakua mwezi hadi mwezi, hata ikawa yenyewe aina ya sarufi: historia ya mahali ambapo watu watano wapendao Kiswahili walijikwaa.

Siku moja alitaka kuongeza katika orodha ya makosa jambo alilolifahamu tangu utotoni. Kisomali hakina sauti p, na wanafunzi wengi wa kwao huandika b badala yake. “Bolisi” liliingia bila taabu, na mfumo ukalikataa kama ilivyopasa. Kisha akaandika sentensi iliyowahi kuwamo katika daftari lake mwenyewe la kidato cha pili: “Nilibata barua.” Kitenzi hicho kilikataliwa, naye akafurahi. Akajaribu tena kwa nomino: “Baka amelala.” Alama ikawa ya kijani. Baka, doa la mwilini, ni neno halali la Kiswahili, na mashine haikuwa na njia ya kujua kwamba aliyelala alikuwa paka.

Akaliacha neno hilo kama lilivyo, kwani kulikataa kungekuwa kuiharibu lugha. Pembeni mwa orodha akaandika maelezo mafupi kwa wenzake: hapa panahitajika mwalimu.