Begi Jepesi, Sweta la Kuazima

Nianze na kosa lenyewe, maana nikianza na sababu nitajikuta najitetea. Nilikwenda Andalusia, kusini mwa Hispania, mwezi wa Aprili, katika msafara wa watu wa rika zote, bila sweta, bila koti la mvua, na jozi moja tu ya viatu. Si kwamba sikuambiwa. Niliambiwa kwa maandishi. Nikacheka.

Ilikuwa ziara ya kutazama athari za Waislamu walioitawala nchi ile kwa karne nyingi: msikiti mkuu wa Córdoba ambao leo ni kanisa kuu, mnara wa Giralda mjini Sevilla, na mwisho kasri la Alhambra huko Granada, mji uliosalimu amri mwaka 1492. Tulikuwa mchanganyiko wa Dar, Tanga na Mombasa, pamoja na familia moja iliyotokea Leicester. Kabla ya safari, kiongozi wetu alituma orodha kwenye kundi la WhatsApp: sweta moja zito, koti jepesi la mvua, jozi mbili za viatu vya kufunga, soksi za kutosha. Nikamjibu mbele ya wote, "Kiongozi, tunakwenda Hispania au tunapanda Kilimanjaro?" Watu wakacheka sana. Ukishawachekesha watu kwa sweta, huwezi tena kutokea uwanja wa ndege umelibeba.

Kulikuwa na majivuno pia. Mimi ni mtu wa begi moja la mgongoni, na kila anayenifahamu amewahi kusimuliwa habari za begi hilo. Siku ya kuondoka, wenzangu walikuwa wamechuchumaa sakafuni, wanahamisha nguo kutoka sanduku lililozidi uzito kwenda lenye nafasi. Niliwapita na kilo zangu saba mgongoni kama mtu aliyeelimika zaidi. Ndani ya kilo hizo mlikuwa na spika ndogo, kishikwambi, na kanzu mbili nyeupe nilizokusudia kupigia picha Alhambra. Kwa hiyo hata wepesi wenyewe haukuwa wa kweli. Nilibeba vya kujionyesha nikaacha vya kujikinga.

Nilifikaje hapo? Kwa kusoma tarakimu moja. Nilitafuta hali ya hewa ya Sevilla kwa Aprili, nikakuta kiasi cha nyuzi 23, na mtu wa Dar, ambaye usiku wa Julai ukishuka hadi nyuzi 19 hutafuta blanketi, akajiambia kwamba nyuzi 23 ni kiyoyozi cha bure. Sikujiuliza zile ni nyuzi za saa ngapi. Ni za mchana. Wala sikujiuliza miji mingine iko wapi. Sevilla ipo bondeni, kandokando ya mto Guadalquivir, karibu usawa wa bahari. Granada imekaa mita kama 700 juu, chini ya milima ya Sierra Nevada, ambako kilele cha Mulhacén kinafika mita 3,479 na Aprili bado kina theluji. Usiku wake mwezi huo hushuka hadi nyuzi 6 au 7. Tena hewa ya kule ni kavu. Pwani yetu unyevu wa bahari hulishika joto usiku kucha, lakini kule jua likizama joto nalo linaondoka. Hata mchana, upande wa jua unatoka jasho, ukikata kona kuingia kivulini unajikumbatia.

Halafu mvua. Picha za Mediterania zinazotufikia ni za Julai na Agosti: anga la buluu, kuta za chokaa nyeupe, watu na miwani ya jua. Ukanda ule huinyima ardhi mvua wakati wa joto na kuimwaga wakati wa baridi, kuanzia kama Oktoba, na Aprili ni mkia wake. Sisi tunajua mvua za Aprili, ila masika yetu hukulowesha yakakuachia joto lako. Ile ya kwao huja na upepo na haikuachii kitu. Wahispania wenyewe wana msemo wa kale kwamba usivue koti hadi siku ya arobaini ya Mei, yaani tarehe 9 Juni. Mimi nililivua nikiwa bado Kariakoo.

Nilikuwa na nadharia ya kufua vilevile. Wasafiri wa begi moja tunaiamini: unafua jioni kwenye sinki la hoteli, unaanika bafuni, asubuhi unavaa. Inafanya kazi unaposafiri peke yako, ukikaa mahali unapopataka, kwa muda unaoutaka. Msafarani basi linaondoka saa mbili kamili asubuhi, na suruali ya jinzi haina habari na ratiba. Córdoba niliingia kwenye ule msitu wa nguzo nikiwa na suruali mbichi kiunoni. Jengo lile lilianza kujengwa karne ya nane, na jiwe lake linatunza ubaridi vizuri sana. Wenzangu walitazama juu, kwenye matao mekundu na meupe. Mimi nilitafuta mahali penye jua.

Hapo ndipo kuazima kulipoanza. Kaka mmoja wa Mombasa alinipa soksi. Familia ya Leicester ikanipa mwavuli wao wa ziada. Mtu mwingine skafu. Kila mara kilikuwa kitu kidogo, kikitolewa kwa tabasamu, na kila mara nilijiambia kwamba ndiyo raha ya kusafiri na watu wa kwenu. Utani wa Kilimanjaro ulinirudia, nami nikaupokea kwa kucheka. Kujicheka ni njia nzuri ya kuepuka kujirekebisha.

Ronda tulifika Jumapili, na mvua ikafika pamoja nasi. Mji ule umepasuliwa na korongo, na juu yake kuna daraja la mawe lililokamilika mwaka 1793, karibu mita 100 kutoka chini. Mawingu ya Atlantiki yanapoingia nchi kavu, milima ya upande ule ni miongoni mwa vitu vya kwanza yanavyogonga, ndiyo maana Grazalema, kijiji cha jirani, ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Hispania. Hayo nimeyajua baadaye. Siku ile nilichojua ni kwamba raba zangu za kitambaa zilikuwa zinatoa sauti kila nikikanyaga. Nilitoka mbio kutafuta sweta. Maduka mengi ya Hispania hufungwa Jumapili. Lililokuwa wazi liliuza mapepeo ya mkono na aproni za madoadoa.

Katika msafara alikuwamo bibi mmoja wa Tanga, mwalimu mstaafu wa historia. Sote tulimwita Mwalimu. Alikuwa na sanduku kubwa la bluu, lenye gurudumu moja bovu, nami mara mbili nililiburuta ngazini nikihema makusudi ili asikie. Aliniona nimejikunyata chini ya ukumbi wa duka, akavua sweta lake la kahawia.

"Chukua hili, mwanangu. Mimi nina koti."

"Hapana, Mwalimu, utapata baridi."

Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeomba apingwe. Akapinga. Nikavaa. Koti alilobaki nalo lilikuwa la mvua, jepesi kama karatasi, alilolinunua ili alivae juu ya sweta.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Ile ilinisitiri vizuri kabisa. Tatizo lilikuwa kwa mwenyewe.

Hadi hapo labda utanisamehe. Mtu anaweza kukosea hesabu, akanyeshewa, akasaidiwa. Kosa la kweli lilikuja kesho yake, na ndilo linalonifanya niandike. Jumatatu alasiri tulikuwa Granada, maduka yako wazi, nina pesa mfukoni. Nilipita mbele ya duka lililokuwa na masweta dirishani, bei ya kawaida tu. Nikasimama. Nikajiambia: safari imebaki kidogo, ya nini kuongeza mzigo? Nikaendelea na safari yangu. Niliweza kuwaza hivyo kwa sababu sikuwa nikihisi baridi, na sikuihisi kwa sababu nilikuwa nimevaa nguo ya mwanamke wa miaka sabini. Usiku ule hakuniomba nimrudishie. Wala mimi sikuuliza.

Alhambra ilikuwa asubuhi iliyofuata. Pale tiketi huandikwa jina la mgeni, nawe huonyesha pasipoti. Kuingia kwenye makasri ya Wanasri (ukoo uliotawala pale), ambayo ndiyo kiini chenyewe, ni kwa saa iliyoandikwa kwenye tiketi, na ukiikosa huingii. Huuzwa mapema na huisha mapema. Kiongozi alisimama hotelini akiita majina. Akaita la Mwalimu. Akaliita tena. Dada aliyelala naye chumba kimoja akasema Mwalimu ameamka na homa, amekohoa usiku kucha, na anaomba tusimsubiri.

Sikuelewa hapo. Nilisikitika tu, kama walivyosikitika wengine. Nilielewa kwenye foleni, nusu saa baadaye, upepo wa mlimani ukivuma. Niliingiza mikono mfukoni mwa sweta, jambo ambalo ajabu nilikuwa sijalifanya, maana nilikuwa nalivaa chini ya mkanda wa begi. Mfuko wa kulia ulikuwa na vidonge vya koo, na kipande cha tangawizi kavu kilichofungwa kwenye karatasi laini. Nikavishika. Mtu huyu alikaa chumbani kwake Tanga akafikiria koo lake, kifua chake, umri wake na hali ya hewa ya mahali asipopajua, akafungasha. Lile sanduku bovu nililolihemea ngazini lilikuwa na jibu la kila kitu kilichonipata. Na usiku aliokohoa hadi alfajiri, sweta lake lilikuwa kwangu. Dawa zake nazo zilikuwa kwangu.

Sisemi baridi ndiyo iliyompa maradhi. Mafua huletwa na virusi, na ndani ya basi kulikuwa na watu waliokuwa wakipiga chafya tangu Sevilla. Pengine angeugua vyovyote. Lakini hoja hiyo ni ya daktari kuitoa. Ikitoka kinywani mwangu ni utetezi.

Niliingia Alhambra. Ningeweza kurudi hotelini nimpelekee vitu vyake, lakini muda wa kuingia ulikuwa umefika, na tiketi yangu ilikuwa na jina langu. Nikaingia. Nikaona Ua wa Simba na wale simba wa marumaru wanaoshikilia beseni la chemchemi. Nikapiga picha zangu ndani ya kanzu nyeupe, na juu ya kanzu, katika kila picha, kuna sweta la kahawia la kike lenye vifungo vikubwa.

Siku iliyofuata tuliondoka. Mwalimu hakuiona Alhambra. Safari ile aliidunduliza kutoka kwenye pensheni, na Alhambra ndiyo iliyomtoa Tanga.

Jioni ya siku ile ya Alhambra nililirudisha sweta, limekunjwa, dawa zake mfukoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekula?"

Nikaomba radhi. Nilijitahidi nisieleze sana. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama ni kweli simba ni kumi na wawili. Nikasema ni kweli, nikampa simu aangalie. Akazipitisha picha moja moja, taratibu, akivuta zile zenye maandishi ya ukutani ili asome. Aliponirudishia simu alisema, "Sweta limetoka vizuri."

Nyumbani nililipima kwenye mizani ya jikoni sweta nililonunua hatimaye, pamoja na koti la mvua linalokunjika likaingia mfukoni. Vyote viwili ni kilo moja na ushee. Spika na kishikwambi vilizidi hapo, na sikuviwasha hata mara moja.

Bado nasafiri na begi la mgongoni, na bado naona raha kulipita sanduku lililokwama kwenye ngazi, ingawa sasa nasimama kusaidia. Ukienda pande zile majira ya kuchipua, tazama nyuzi za usiku za mji ulio juu kuliko yote kwenye ratiba, uache zile za mchana za mji wa bondeni. Chagua sufu, maana pamba ikilowa haikupi joto tena. Beba viatu vya pili. Na ujue kwamba ushauri wa kubeba kidogo umeandikwa zaidi na watu wanaosafiri peke yao, ambao wakikosea huumia wenyewe au hubadilisha ratiba waende dukani. Ndani ya basi la watu ishirini na kitu, kile ambacho hukukibeba kuna mtu atakubebea, na mara nyingi atakuwa yule asiyejua kusema hapana.

Kama umeshakosea, usijute sana. Nunua tu, duka la kwanza lililo wazi. Kuazima usiku wa kwanza ni shida, na shida haina mwenyewe. Usiku wa pili, maduka yakiwa wazi na pesa ziko mfukoni, ni tabia. Mimi nilifika usiku wa pili.