Kisite: Bahari inayomeza rangi nyekundu

Familia nyingi za jijini zinazoteremka Pwani likizo ya Disemba hurudi na video za namna mbili. Zile za ufuoni, watoto wakijenga nyumba za mchanga na baba akihangaika na dafu, hutazamwa mpaka majirani wakachoka. Zile zilizopigwa chini ya maji hutazamwa mara moja tu. Samaki ni buluu, matumbawe ni ya kijivu, na nguo nyekundu ya kuogelea ya shangazi imepauka kama iliyoanikwa juani mwaka mzima.

Lawama hutupiwa kamera, au mwenye duka aliyeiuza. Lakini mwizi wa rangi ni bahari yenyewe, na dawa yake ni kipande cha plastiki chekundu kinachoenea kiganjani.

Mahali pazuri pa kuushuhudia wizi huo ni Kisite, karibu na mpaka wa Tanzania. Ukitoka Mombasa unavuka Likoni, unashika barabara ya Lunga Lunga, unapita Ukunda na Msambweni, kisha unakata kushoto hadi Shimoni, kijiji kilichopata jina lake kutokana na mapango yake. Hapo unapanda jahazi, unakipita kisiwa cha Wasini, na ukijaliwa pomboo watakusindikiza. Eneo hili limelindwa tangu miaka ya 1970. Ndani ya mbuga ya Kisite hairuhusiwi kuvua hata dagaa, ilhali upande wa Mpunguti wenyeji huvua kwa njia zao za jadi. Nenda wakati wa kaskazi, kati ya Novemba na Machi, bahari ikiwa imetulia. Kusi likivuma, mawimbi na maji yaliyochafuka hukuharibia kazi hata uwe na kamera ya mamilioni.

Sasa vaa miwani yako ya kupigia mbizi uchungulie. Kuna kitatange wa manjano, pono wanaotafuna matumbawe kwa meno kama koleo, viti vya pweza juu ya mchanga, na chewa mwekundu mwenye vidoadoa vya buluu. Karibu na uso wa maji wekundu wake unang'aa. Akiteremka mita chache, anageuka rangi ya kahawia, na akizidi kwenda chini anakuwa kama kaa la jana. Samaki ni yule yule.

Kinachotokea ni hiki. Mwanga wa jua ni mchanganyiko wa rangi zote, na maji huanza kumeza nyekundu. Kufikia mita 5 sehemu kubwa ya nyekundu imekwisha. Rangi ya machungwa hufuata, kisha manjano. Buluu ndiyo huenda mbali kuliko zote. Tena si kina tu kinachohesabiwa. Mwanga hushuka kutoka juu hadi kwa samaki, halafu husafiri tena kutoka kwa samaki hadi kwenye lenzi. Kwa hiyo anayepiga video ya chewa aliye mita 6 mbele yake amejiongezea maji mengine ya kumezea rangi. Sogea karibu kwanza, ndipo ufikirie vifaa.

Kifaa chenyewe huitwa kichujio cha rangi. Wengi hudhani kinaongeza wekundu. Hakiongezi chochote! Kinachofanya ni kuzuia sehemu ya buluu na kijani, ili ile nyekundu kidogo iliyosalia nayo ionekane. Ndiyo sababu picha huwa na giza kidogo, na ndiyo sababu inafaa kupiga saa za jua kali, jua likiwa mgongoni mwako. Kwa maji ya buluu kama ya Kisite, chekundu ndicho hasa. Penye maji ya kijani hutumiwa chenye rangi ya zambarau-waridi.

Cha kununua ni kile kinachovikwa nje ya kasha lisiloingiza maji, na kutolewa wakati wowote. Ukikifungia ndani ya kasha pamoja na kamera, utalazimika kupiga kila kitu kwa wekundu, hata nahodha wako akila wali wa nazi. Vipo vya kubana kama kifuniko cha sufuria, vya kuzungusha kama kifuniko cha chupa, na vyenye bawaba vinavyofunguka kama kidirisha. Kwa familia yenye watoto, mimi ningechagua cha bawaba.

Kivike ukiwa tayari majini, si jahazini. Kiinamishe ili hewa itoke kati yake na kioo, kwani povu dogo likibaki hapo litaonekana kwenye video nzima kama jicho la kuku. Kifunge kwa kamba kwenye mpini wa kamera. Plastiki iliyoanguka baharini ni taka, na mkono wa kuitafuta huvunja matumbawe. Kama kamera yako inakubali kufundishwa rangi nyeupe, ielekeze kwenye kisahani cheupe au mchanga ulio chini, na urudie kila unaposhuka mita chache.

Katika maji ya kiunoni, kivue. Huko nyekundu haijamezwa, na watoto wako watatoka kama waliopakwa rangi ya matofali. Ukiwasha tochi, kivue pia. Na kuanzia mita 20 hivi kwenda chini hakikusaidii sana, kwa kuwa hakuna nyekundu iliyosalia ya kuchuja. Huko lazima ubebe mwanga wako. Mwaka 1926 Longley na Martin, waliopiga picha za kwanza za rangi chini ya maji huko Florida, iliwabidi walipue unga wa magnesi juu ya chelezo!

Kuna jambo zito zaidi ya urembo. Rangi ya matumbawe mengi hutokana na miani midogo mno inayoishi ndani yake. Maji yakipata joto kupita kiasi, miani hiyo hutoka na matumbawe hubaki meupe. Mwaka 1998, bahari ilipopata joto la El Niño, sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya ilipauka na kufa. Video isiyo na kichujio huweza kuyafanya matumbawe mazima yaonekane maiti. Video yenye wekundu uliozidi huyapaka mgonjwa poda, akaonekana mzima. Kwa watu wa Shimoni na Wasini, wanaotegemea samaki na wageni, tofauti hiyo si mchezo. Kwa hiyo piga jiwe moja mara mbili, bila kichujio na ukiwa nacho, uweke kisahani cheupe kwenye picha na utaje kina ukirudi juu. Mwakani ukirejea, utakuwa na cha kulinganisha.

Ukimaliza, osha kichujio kwa maji baridi kabla chumvi haijakauka na kukikwaruza. Beba chupa yako ya maji hayo kutoka Shimoni. Wasini ni kisiwa cha mawe ambacho kwa miaka mingi kimetegemea maji ya mvua, na si adabu kumwomba mwenyeji maji ya kunywa ili uoshee plastiki.