Mlango wa Tope
Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ndizo zilizomfanya fundi. Kabla ya hapo alikuwa kijana wa kuziba pancha tu mjini Karatu, kazi yake kubandika viraka na kujaza upepo. Barabara ya kutoka Makuyuni ilikuwa bado haijawekwa lami, na udongo mwekundu wa Karatu ukilowa huteleza kama sabuni. Malori ya vitunguu kutoka Mang'ola yalilala njiani, mzigo ukioza huku madereva wakitafuta mawe ya kuweka chini ya magurudumu.

Siku moja aliinama nyuma ya lori lililokwama, akakuta tairi jipya ambalo kashata zake, vile vipande vya mpira vinavyoshika ardhi, hazionekani. Tope lilikuwa limeshindiliwa kati yake hadi duara zima likawa laini kama chungu kibichi. Akachokonoa kwa bisibisi, kashata moja baada ya nyingine. Mifereji ya katikati ilikuwa imezibwa pande zote: tope likishaingia halina mlango wa kutokea. Tangu siku hiyo amekuwa akiutafuta mlango huo.

Mzee aliyemfundisha kuchonga mifereji kwenye tairi alitumia kisu cha umeme chenye makali ya umbo la U, jenereta ikinguruma nje. Kwanza ilipigwa chaki. Kisha makali yalizamishwa na kuvutwa polepole bila kusita, maana yakisimama mahali pamoja mpira huungua na kunata. Mpira ulitoka kama utepe mmoja mrefu, ukifuka moshi wa kuwasha macho. Kabla ya kila mkato mzee alichomeka kijiti cha kiberiti kwenye mfereji, akakitia alama kwa ukucha, akakilaza ubavuni mwa kisu. Kisu kikate kashata, kisishuke chini ya sakafu ya mfereji. Chini ya hapo kuna mpira mchache, halafu nyaya za chuma.

Fundi mwenyewe aliwahi kuuvuka mpaka huo.

Mteja alileta matairi ya lori yaliyobaki vipara, akataka yachongwe upya jioni hiyo hiyo. Matairi ya lori yanayoruhusu kazi hiyo huandikwa ubavuni neno REGROOVABLE, kwa kuwa kiwandani yaliongezewa mpira wa chini. Hakulitafuta neno hilo. Akachonga, akalipwa. Wiki chache baadaye dereva alirudi, tairi moja limevimba. Lilipopasuliwa, chini ya mfereji ulionekana mstari wa kutu: maji yalikuwa yamepenya hadi kwenye nyaya. Lingeachia kwenye mteremko wa kushukia Mto wa Mbu, na gari lina mzigo. Dereva hakugomba. Alinunua tairi jingine kwa mtu mwingine, akaondoka. Kipande kile chenye kutu fundi alikitundika ukutani, na hadi leo kipo.

Baadaye madereva wa watalii walianza kumwomba ile michano myembamba yenye jina la Mmarekani John F. Sipe, iliyoanza miaka ya 1920. Michano hiyo haiondoi mpira. Huigawa kashata ili ipate kingo nyingi za kushika. Juu ya mwamba uliolowa inasaidia sana. Lakini kwenye mawe makali ya njia ya Natron kashata zilizochanwa hunyofoka vipande vipande, na kwenye udongo mweusi wa Ndutu tope huifumba papo hapo. Ndiyo maana huuliza kwanza gari linakwenda wapi. Anayekwenda Ndutu humfungulia njia pana kama kidole kwenye kashata za mabegani, zikielekea nje.

Mara nyingi hachongi kabisa. Kwa Land Cruiser yenye matairi ya 7.50R16, kushusha upepo kutoka psi 40 hadi 25 hurefusha sehemu ya tairi inayogusa ardhi. Ni kazi ya dakika chache; sharti ni kwenda taratibu, na upepo kujazwa tena kabla ya kurudi kwenye lami. Amekosa pesa nyingi kwa ushauri huo na hajutii hata shilingi.

Siku hizi anamfundisha binti wa jirani. Masika iliyopita, mvua ikipiga bati na dereva akihimiza, alimkabidhi kisu kwa mara ya kwanza. Binti alikipokea, akakilaza juu ya benchi, akauliza kiberiti kiko wapi.