Blue Posts: Meza Kati ya Chania na Thika

Mtu anayetaka nyama choma mjini Thika hasumbuki. Kuanzia Makongeni hadi karibu na stendi ya matatu, majiko yanawaka tangu asubuhi. Lakini pako mahali pamoja tu ambapo utaila ukisikia maporomoko ya Chania upande huu na ya Thika upande ule, ukiwa umeketi katika bustani ya hoteli iliyofunguliwa mwaka wa 1908. Hapo ni Blue Posts. Kati ya safari fupi zote za kutoka Nairobi, sijaona inayoishinda hii.

Kufika hakuna kazi. Panda matatu ya 237 katikati ya Nairobi, ushike barabara kuu ya Thika iliyofunguliwa rasmi mwaka wa 2012, na kama hakuna msongamano utakuwa umefika kabla hujamaliza gazeti. Hoteli yenyewe iko kaskazini mwa mji, mahali mito miwili inapokaribiana kabla ya kukutana.

Walioijenga hawakuwa na barabara kama hii. Mwaka wa 1908 mji wa Thika haukuwepo. Palikuwa na njia ya udongo iliyotoka Nairobi kwenda Fort Hall, yaani Murang'a ya leo, na kuendelea mpaka Nyeri. Mizigo ilikwenda kwa mikokoteni ya maksai. Masika yakianza, udongo mwekundu ulishika magurudumu, mito ikajaa, na safari inayotuchukua saa moja leo ikala siku nzima na zaidi. Aliyefika kwenye mito hii alikuwa hoi, na maksai wake walitaka maji na malisho. Hakukuhitajika ubunifu mkubwa kujua kwamba hapa ndipo pa kuweka vitanda.

Wenyeji waliujua umuhimu wa mahali hapa zamani, kabla hata ya jiwe la kwanza kuwekwa. Kwa Wagikuyu, Mto Chania ndio uliotenganisha nchi ya Kabete na ile ya Murang'a. Waliovuka hapa walijua wanatoka kwa watu hawa na kuingia kwa watu wale. Hoteli ilijengwa kwenye kivuko ambacho tayari kilikuwa na historia yake.

Nje ya Kenya, wengi walianza kuisikia Blue Posts kupitia kwa Elspeth Huxley, aliyeletwa Thika na wazazi wake walowezi akiwa mtoto mdogo, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kitabu chake cha kumbukumbu, The Flame Trees of Thika, kilitoka mwaka wa 1959 na kikafanywa mchezo wa televisheni Uingereza mwaka wa 1981. Wapo watalii ambao bado huja kwa ajili ya kitabu hicho tu, na kwanza huitafuta ile miti ya maua mekundu. Ni kitabu kizuri, lakini ni Thika ya mtoto wa mlowezi. Katika hoteli za walowezi wa enzi hizo, Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni. Alipika, akafua mashuka, akabeba sinia hadi barazani, kisha akarudi alikotoka. Hata bia ya chupa ilikatazwa kwake kwa miaka mingi.

Ndiyo maana Jumapili ya hapa hunifurahisha kuliko kitabu chochote. Ikifika saa saba mchana, nyasi zote zimejaa. Chama cha akina mama kimeunganisha meza nne. Maharusi wanapigwa picha huku maporomoko yakiwa nyuma yao. Babu aliyevaa kofia amewekwa kwenye kiti cha kivulini, na wajukuu wanakatazwa kuwarushia tumbili chapati. Hakuna anayeulizwa alikotoka.

Mhudumu akija atakuuliza, "Mzee, tukuchomee ngapi?" Mwambie kilo moja ya mbuzi, kisha uende jikoni ukajichagulie. Ukiachiwa uchague, omba mbavu pamoja na kipande cha mguu. Subira ni lazima, maana mbuzi anayeharakishwa huja mgumu. Nyama italetwa juu ya ubao, ikatwe mbele yako kwa kisu kinachogonga mfupa, na chumvi iwekwe pembeni kwa rundo dogo. Chovya kidogo tu. Kachumbari iwe na pilipili na dhania, ugali uwe wa moto, na Tusker iwe baridi. Bia hiyo nayo ni mtoto kwa hoteli hii: kiwanda chake kilianzishwa mwaka wa 1922, wakati Blue Posts ilikuwa imekwisha kuuza vinywaji kwa zaidi ya miaka kumi.

Vyumba vya kulala bado vipo. Ila reli ilifika Thika mwaka wa 1913, magari yakafuata, na tangu hapo msafiri wa kwenda Nyeri hakuwa tena na sababu ya kulala njiani. Hoteli iliyojengwa kwa ajili ya uchovu wa watu ilibidi itafute sababu nyingine ya kuishi, ikaipata mezani na kaunta. Kwangu huo ni ushindi.

Baada ya kula, teremka kwenye njia ya maporomoko, polepole, kwa kuwa mawe huteleza. Mito yote miwili inatoka milima ya Nyandarua, na Nairobi inaitegemea: Bwawa la Ndakaini limezuia Mto Thika huko juu, maji yake yakaelekezwa Chania na kusafishwa Ngethu. Kwa hiyo wakati wa kiangazi maporomoko hupungua sana. Yanayobaki huungana chini ya hoteli na kuelekea Tana.

Nenda mwezi wa Mei, mvua zikiwa zimekolea na maji yakiwa mekundu kwa udongo wa milimani. Chagua siku ya kazi ukitaka utulivu, au Jumapili ukitaka watu. Na ikiwa ni Jumapili, ondoka kabla ya saa kumi na moja jioni, kwa sababu baada ya hapo Nairobi nzima inarudi nyumbani kwa barabara hiyo moja.