Kikatiti: mlima unapoanikwa uani

Ukitoka Arusha kwa Noah, ukaipita Usa River na Maji ya Chai, Kikatiti hukupokea kwa vumbi na jua. Migomba na kahawa za Wameru zimebaki juu kwenye miteremko. Huku chini ni mahindi, maharage, mbuzi, na malori ya barabara ya Moshi yasiyokwisha. Mgeni hawezi kudhani kwamba ziko nyumba hapa zinazohangaika kukausha glovu za baridi.

Zipo. Ni nyumba za wapagazi, wenyewe hujiita wagumu. Mlima Meru, mita 4,566, uko juu ya paa zao, na Kilimanjaro, mita 5,895, si mbali. Mgumu hukaa mlimani siku sita au saba na kushuka kwa njia ya Mweka, kwenye tope la msituni, begi zima limelowa. Bado hajapumzika, simu inaita: kuna safari kesho kutwa. Akikataa, mzigo na malipo vinakwenda kwa mwingine. Basi kukausha buti kunakuwa kazi ya familia nzima.

Jua likiwepo hakuna neno. Kamba ya uani inatosha. Shida ni masika, na ile Juni na Julai ambapo wingu hulala juu ya mlima mchana kutwa. Buti nene la mtumba halikauki kwa siku moja. Ndipo jiko la mkaa linapoingizwa chumbani, buti zikawekwa pembeni, glovu juu ya stuli, na mlango ukafungwa ili joto lisitoke. Watoto wamelala humo humo.

Hapo ndipo pa kuogopa. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Mkaa uliokolea na kuacha kutoa moshi bado unaitoa. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kuishiwa nguvu, lakini aliyelala huenda asizisikie kabisa. Aliyezidiwa atolewe nje kwenye hewa mara moja, kisha awahishwe hospitali hata kama amezinduka.

Na buti lenyewe halifaidiki. Moto hukakamaza ngozi mpaka ipasuke na hulainisha gundi. Soli ikiachia kambi ya Barafu, mita 4,673, fundi viatu yuko Moshi.

Njia salama ni ya polepole. Osha tope, toa kamba na soli ya ndani, vuta ulimi wa buti uwe wazi, kisha jaza magazeti makavu hadi kwenye vidole. Hata hili linafaa, ukishalisoma. Magazeti yakilowa yabadilishe. Mara ya kwanza hulowa ndani ya saa moja au mbili. Usiziache buti sakafuni, ziegemeze mahali upepo unapita. Glovu zisisokotwe. Zikunje ndani ya taulo kavu, zikandamize, halafu zianike vidole vikiwa juu ili maji yashukie mdomoni. Kama bitana inatoka, itoe ikauke peke yake.

Subira hiyo ina sababu. Miguu iliyokaa siku nyingi kwenye unyevu na baridi hufa ganzi, huvimba na kubadilika rangi, hata kabla ya kufika kwenye theluji. Fangasi ndio wa kawaida zaidi, na soksi mbichi huwapa makao. Kule kileleni, glovu iliyolowa inaweza kumgharimu mtu vidole.

Asubuhi ya safari, mkono wa mama au mke huingia kwanza ndani ya buti na kupapasa mwisho kabisa, penye vidole. Pakiwa bado pabichi, zinafungwa soksi jozi mbili kavu kwenye mfuko usiopitisha maji: moja ya njiani, moja ya kulalia tu. Asiye na glovu za akiba anaweza kupitia Moshi, kwa mradi wa kusaidia wapagazi wa Kilimanjaro, unaowaazima mavazi ya baridi bila malipo. Noah ya alfajiri haisubiri, na magazeti yaliyolowa yanabaki uani yakikauka, yatawashia jiko la chai.