Deni la Shule

Wahenga walisema: kukopa arusi, kulipa matanga. Hapa Chang'ombe methali hiyo naisikia mara kwa mara kwa vijana waliosoma kwa mkopo wa serikali. Hushangilia kupata kazi, kisha hununa siku ya mshahara wa kwanza.

Sisi tuliosoma zamani hatukuandikiwa deni la shilingi, lakini tulidaiwa. Mwaka 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, pamoja na kukatwa mishahara. Mwalimu Nyerere akawafukuza karibu 400. Alitaka ieleweke kwamba aliyesomeshwa kwa jasho la wakulima anawiwa nao. Baadaye deni lile likageuzwa kuwa fedha. Mikopo ilianza kutolewa mwaka 1994, sheria ya Bodi ya Mikopo ikapitishwa mwaka 2004, na Bodi ikaanza kazi mwaka 2005. Mwaka huohuo wa 2005 Chuo cha Ualimu cha hapa Chang'ombe kiligeuzwa kuwa chuo kikuu kishiriki cha elimu. Tangu hapo wengi wa walimu wanaotoka hapa huondoka na shahada mkono mmoja na deni mkono wa pili.

Silaumu mkopo. Bila huo, watoto wengi wa Temeke wangeishia kidato cha sita. Ninalolalamikia ni kwamba masharti yake hayasomwi mpaka yaume. Kijana hutia saini akiwa na miaka 19, akiwaza godoro la bwenini. Mdhamini wake, mara nyingi mjomba au mama mzazi, hutia saini kwa huruma.

Basi na tuyasome. Mhitimu hupewa miezi 24 kabla ya kuanza kulipa, lakini akiajiriwa, mwajiri anapaswa kumkata. Zamani makato yalikuwa asilimia 8 ya mshahara. Sheria iliporekebishwa mwaka 2016 yakawa asilimia 15. Kwa mwalimu wa shilingi 800,000, makato yalipanda kutoka 64,000 hadi 120,000 kwa mwezi. Waliokwisha kopa walinung'unika, na walikuwa na haki ya kunung'unika, maana wao walikuwa wamejipangia kwa hesabu ya awali.

Lakini tufanye hesabu nyingine. Deni la shilingi 9,600,000 likilipwa kwa 64,000 huchukua miezi 150. Kwa 120,000 huisha kwa miezi 80. Tena siku zile palikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya fedha. Kwa deni hilo, mwaka wa kwanza tozo peke yake ilikaribia 48,000 kila mwezi. Anayekatwa 64,000 alipunguza deni lenyewe kwa 16,000 tu. Ndiyo maana watu walilipa miaka na miaka wakaona mlima uko palepale. Tozo hiyo, pamoja na adhabu ya asilimia 10 ya kuchelewa, iliondolewa Julai 2021. Wapo wanaojificha hadi leo kwa kuogopa kitu kisichokuwapo tena.

Kujificha hakufai. Asiye na ajira anaweza kuomba namba ya malipo akalipa mwenyewe kadiri anavyojaliwa. Aliyeajiriwa asidhani kukatwa ni kulipa. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani alikatwa miezi 14 katika shule ya binafsi, lakini alipoomba taarifa ya deni hakukuta hata senti iliyopelekwa. Kilichomwokoa ni hati zake za mshahara, alizokuwa amezitunza ndani ya Biblia. Sheria inamtaka mwajiri apeleke makato ndani ya siku 15 baada ya mwezi kwisha, lakini sheria haimkumbushi mtu. Lazima mwenye deni aulize.

Fedha inayorudi hukopeshwa mtoto mwingine, pengine wa nyumba ya pili. Kwa hiyo, kijana wangu, lipa, na kila mwaka omba taarifa ya deni lako. Siku litakapokwisha, dai hati ya kumaliza, uiweke pamoja na shahada yako. Na mjomba aliyekudhamini mpelekee nakala. Naye alikuwa halali vizuri.